Kengele ya tetemeko au mkanda wa zege: shilingi ya kwanza iende wapi?

#1 Mwana_Kanyigo
Wakuu salaam. Kila ikifika Septemba 10 tunakumbushana tetemeko la Kagera la 2016, halafu mjadala unaishia palepale: "serikali ilete mitambo ya kutabiri". Mimi nasema hivi: kwa mkoa kama Kagera mtambo wa tahadhari ni anasa. Hata ungekuwepo Jumamosi ile saa tisa na nusu alasiri, mtu wa Bukoba asingepata muda wa kuvaa viatu. Hela yote iende kwenye nyumba, kuta zifungwe mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka juu yake. Anayebisha aje na hesabu, asije na video za Tokyo.

#2 Bati_Geji30
Mkuu, Japani simu zinalia kabla ya tetemeko, sisi tumekosa nini? Na lile la kwetu lilikuwa 5.7 tu kwenye skeli ya Rikta, dogo. Kama dogo vile linaangusha shule, kubwa bila kengele si ndiyo tumekwisha?

#3 Wimbi_la_Pili
#2, tusahihishe mawili kwanza. Hiyo 5.7 ni namba ya mwanzo mwanzo iliyozunguka kwenye habari. Jiolojia ya Marekani, USGS, ilitulia kwenye 5.9, kina cha kilomita 40. Na skeli ya Rikta ilishaachwa kwa kazi hizi, sasa unapimwa ukubwa wa momenti, yaani unaokokotolewa kutokana na mwamba ulivyoteleza. Tofauti ya 0.2 inaonekana ndogo, ila kwa nishati ni karibu mara mbili.

La pili, Japani hawatabiri. Tetemeko linakuwa limeshaanza. Chini ya ardhi yanatoka mawimbi ya aina mbili: la kwanza linakimbia kama kilomita 6 kwa sekunde na halina madhara makubwa, la pili linakwenda kama 3.5 na ndilo linalotikisa kuta kwa ubavu. Vituo vya vipimo vilivyo karibu na kitovu, yaani pale juu ya ardhi palipo sawia na tetemeko lilipoanzia, vinalinasa la kwanza, kompyuta inakadiria, ujumbe unarushwa hewani kabla la pili halijafika kwa watu. Wenzetu walifungua huduma hiyo kwa umma Oktoba 1, 2007.

Sasa hesabu ya Bukoba aliyoiomba mleta uzi. Kitovu kilikuwa kama kilomita 40 kutoka mjini, na kina ni 40 nyingine. Kwa mshazari unapata kama kilomita 57. Wimbi la pili lilihitaji sekunde 16 kufika mjini. Tuseme una kituo juu kabisa ya kitovu: wimbi la kwanza linakifikia baada ya sekunde 7 hivi. Ongeza sekunde 5 za vituo vingine kuthibitisha, kompyuta kuamua na ujumbe kusambaa. Umebaki na sekunde 4. Mwanza, kilomita 200 na ushee, wangepata karibu 50. Ila Mwanza hakukuwa na cha kukimbia.

#4 Mwana_Kanyigo
Asante #3. Sekunde nne! Tahadhari inamfikia vizuri yule asiyeihitaji.

#5 Swichi_Kuu
Msizike hoja haraka hivyo. Sekunde 4 kwa binadamu ni chache, kwa mashine ni nyingi. Lifti inasimama ghorofa ya karibu na kufungua mlango. Valvu ya gesi inajifunga. Jenereta ya hospitali inawaka kabla umeme haujakatika. Daktari anaondoa kisu. Halafu Mexico City wana kengele tangu 1991, na matetemeko yao makubwa mengi yanatoka pwani ya Guerrero, kilomita 300 hivi, kwa hiyo wanapata kama dakika nzima. Ziwa Tanganyika mwaka 2005 lilitoa tetemeko la 6.8. Miji iliyo mbali kidogo na mpasuko ule ingefaidi.

#6 Wimbi_la_Pili
#5 hoja ya mashine naikubali. Ila Mexico usiichukue nusu. Septemba 19, 2017 tetemeko la 7.1 lilitoka Puebla, kama kilomita 120 tu kutoka mjini, na kengele ikalia karibu pamoja na mtikisiko wenyewe. Saa mbili kabla walikuwa wamefanya zoezi la kukumbuka lile la 1985. Teknolojia ileile, mji uleule, umbali tu ndio umebadilika. Bonde la Ufa letu linapita chini ya miji na vijiji, halipo baharini kilomita 300.

Na vituo tulivyonavyo, vya Taasisi ya Jiolojia pale Dodoma na vya vyuo, vimetawanyika kwa ajili ya kurekodi. Mtandao wa tahadhari unataka kituo kila kilomita 20 au 30 eneo la hatari, umeme usiokatika na mawasiliano yasiyochelewa. Kununua kifaa ndiyo rahisi. Kukilinda, kubadilisha betri na kukata nyasi kwenye uzio miaka 20 ndiyo kazi.

#7 Swichi_Kuu
Basi tuache mtandao wa taifa. Kila shule iwe na kifaa chake: kitambuzi kilichofungwa kwenye msingi, king'ora na betri. Kikihisi wimbi la kwanza kinalia palepale, hakisubiri Dodoma. Sekunde za mawasiliano unaziokoa zote. Vitambuzi vya bei nafuu vipo, Raspberry Shake kwa mfano, hata wanafunzi wa fizikia wanaweza kukisimamia.

#8 NondoKumi
Nakubali kitalia. Kitalia pia fuso la mchanga likipita, radi ikipiga, na wanafunzi wakiruka ukumbini. King'ora kikidanganya mara tatu, mara ya nne hakuna anayenyanyuka. Ili kisidanganywe kinahitaji vitambuzi viwili au vitatu pembe tofauti za jengo, vyote vikubaliane.

Halafu tuone kinachofuata kikishalia. Darasa la watoto 50, mlango mmoja wa sentimita 90 unaofunguka kwa ndani. Kwa mwendo mzuri anatoka mtoto mmoja kwa sekunde. Sekunde 50. Wewe una 4, ukijitahidi 8. Wengi watakuwa mlangoni wakati ukuta wa juu ya mlango unashuka. Kwa hiyo kabla ya king'ora, weka milango miwili inayofunguka nje na funga ule ukuta. Ukishaufunga ukuta, king'ora kinakuwa cha kumwambia mtoto ajikunyate chini ya dawati.

#9 Mama_Ringi
#8 dawati lipi? Haya ya mbao nyembamba, kwenye darasa la tofali za udongo? Ushauri wa kuinama na kujifunika ni wa nchi ambazo jengo halidondoki, zinadondoka dari na makabati. Kwenye chumba kimoja cha tofali bila mkanda, kama uko hatua tatu nne kutoka mlangoni na nje ni wazi, toka. Ghorofani usikimbilie ngazi. Tusiwape watu kanuni moja kwa nyumba za aina mbili.

#10 Utani_wa_Ziwani
Mnapoteza muda. Mbwa wa Kanyigo walibweka tangu asubuhi. Leteni ruzuku ya mbwa, kila kaya mmoja, bajeti imekwisha.

#11 Wimbi_la_Pili
Hahaa. Mbwa wa Kanyigo wanabweka kila asubuhi mkuu, tatizo hakuna anayeandika siku ambazo hakikutokea kitu.

Lakini wazo hilo lina historia. Februari 4, 1975 Wachina waliwahamisha watu Haicheng kabla ya tetemeko, baada ya mitikisiko midogo mingi na visa vya wanyama na visima. Dunia ikashangilia. Julai 28 mwaka uliofuata Tangshan ikapigwa usiku bila onyo lolote na watu zaidi ya 240,000 wakafa kwa takwimu rasmi. Wamarekani nao walitabiri Parkfield, California, ingetikisika kabla ya 1993, ikaja kutikisika 2004. Mtu akikwambia tetemeko litakuja tarehe fulani, muulize kwanza la kwake ni la ukubwa gani na eneo gani. Huwa anakimbia.

#12 Kiatu_cha_Nguzo
Tuje site. Mnazungumzia nyumba zisizo na mkanda. Hata zile zenye lenta inayozunguka, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, haziko salama! Tatizo lipo konani.

Angalieni fundi anavyofunga. Nondo mbili za ukuta huu zinafika konani zinakatwa hapohapo. Mbili za ukuta wa pili zinapita juu yake, zinafungwa waya mara moja, zege linamwagwa. Kwa macho ni mkanda. Kwa kazi ni vipande vinne vilivyogusana. Mtikisiko ukivuta, zege la konani linapasuka kwa mshazari na kuta mbili zinaachana kama kurasa za kitabu.

Inavyotakiwa: nondo ya nje ikunjwe L na iingie ukuta wa pili sentimita 60. Nondo ya ndani isikunjwe kufuata kona ya ndani, maana ikivutwa inanyooka na kubandua zege. Ipitilize hadi uso wa nje wa ukuta wa pili ndipo ikunjwe. Na maungio ya katikati: mm 10 ipandiane sentimita 50, mm 12 ipandiane 60, yasikutane yote sehemu moja. Mafundi wengi wanapandisha 20 kwa sababu mwenye nyumba amesimama pale anahesabu nondo.

#13 Mama_Ringi
Ongeza ringi, zile pete za nondo nyembamba zinazozifunga nondo ndefu. Ikifungwa na ncha zake zikaishia nyuzi 90 ni pambo tu, ganda la zege likidondoka inafunguka. Ncha zikunjwe nyuzi 135 ziingie ndani ya kiini, mkia sentimita 7 na nusu angalau. Na vifundo vipishane, usiviweke vyote kona moja ya nguzo. Fundi atakwambia inachelewesha kazi. Kukunja ringi moja vizuri ni sekunde chache, bomba na misumari mitano kwenye ubao inatosha.

#14 MkadiriajiMajenzi
Mnafika kwenye nondo mmeruka tofali. Piga hesabu rahisi. Tofali la inchi 6 lina ujazo wa kama lita 15. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni lita 35 hivi. Anayetoa tofali 40 kwa mfuko amejaza lita 600, yaani saruji moja kwa mchanga 17, na hapo sijahesabu kwamba mchanga unashindiliwa. Uwiano wa 1 kwa 8 unatoa tofali 17 au 18 tu. Ukuta wa aina hiyo ya kwanza ukiufunga mkanda mzuri unabaki na mkanda mzuri juu ya kifusi.

Tofali nyingi za mtaani pia zinamwagiwa maji siku mbili kisha zinaachwa juani. Siku 7 chini ya turubai, asubuhi na jioni, ndiyo nusu ya nguvu yake.

#15 Bloku6
Mkadiriaji unatufungia biashara. Mteja anakuja anauliza bei, haulizi uwiano. Nikitoa 18 kwa mfuko bei inapaa, anavuka barabara kwa jirani. Wekeni ukaguzi kwa wote ndipo mtulaumu.

#16 Mwana_Kanyigo
Mimi bado naamini ardhi imechangia kuliko tofali. Mji wa Bukoba umekaa kwenye tambarare ya kando ya ziwa na mto Kanoni, udongo laini umejaa maji. Udongo wa hivyo unakuza mtikisiko. Tofali zilezile mlimani zingesimama.

#17 NondoKumi
Na Ihungo je? Iko kilimani, na pamoja na Nyakato ndizo shule zilizoharibika hadi zikafungwa kwa muda.

#18 Wimbi_la_Pili
Kilele cha mlima nacho kinakuza mtikisiko, mawimbi yanakusanyika kwenye mgongo. Kwa hiyo Ihungo haimwangushi #16. Lakini pia majengo yale yalikuwa ya zamani, kuta nene nzito. Ili kutenganisha ardhi, umri na ubora unahitaji vipimo vya udongo chini ya kila jengo na vifaa vilivyorekodi mtikisiko pale mjini siku ile. Bila rekodi ya karibu kila mtu anavutia kwake. Hapo ndipo vituo vinapokuwa na kazi hata kama havitatoa kengele, #1 usivifute kabisa.

#19 Lava_ya_Goma
Jambo wandugu, toka Goma. Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, halafu ardhi ikatikisika siku nyingi, mchana na usiku, mpaka sehemu ya mji ikahamishwa tarehe 27. Nyumba zilizopasuka zilikuwa za tofali na bloku, na magorofa yaliyojengwa mbiombio. Nyumba za mbao, zile za mabanzi juu ya mawe ya volkano ambazo watu wanaziita za maskini, zilicheza zikarudi mahali pake. Nguvu ya tetemeko ni uzito mara mchapuko. Punguza uzito, umemaliza nusu ya kazi bila nondo.

#20 MkadiriajiMajenzi
#19 sahihi kabisa. Ukuta wa inchi 6 wenye plasta pande mbili una kilo 350 hivi kwa mita ya mraba. Ukuta wa mita 10 kwa 3 ni tani 10. Mchapuko ukiwa moja ya tano ya uvutano, unasukumwa kwa ubavu na tani 2, ukuta ambao haujawahi kusukumwa na chochote zaidi ya upepo. Bati na kenchi ni kilo 20 hadi 25 kwa mita. Uzito wote wa hatari uko kwenye kuta. Ila mbao ina mchwa na moto, ndugu, na Kagera mvua ni nyingi.

#21 Nakuru_Jiwe
Habari zenu majirani. Huku kwetu watu husahau kuwa Subukia Januari 1928 ilipigwa na tetemeko la 6.9, kubwa kuliko hilo la Bukoba. Kenya ina kanuni ya ujenzi dhidi ya matetemeko tangu 1973, ya Wizara ya Ujenzi. Ila mjengo wa kawaida ni mawe ya kuchonga na utepe wa chuma unaolazwa kila kozi (safu za mawe) mbili. Mafundi wanaamini ule utepe ndio unashika nyumba. Je, unatosha?

#22 NondoKumi
Karibu jirani. Utepe unasaidia kona zisiachane na nyufa zisikimbie, lakini hauna msaada wa wima. Ukuta ukitikiswa nje-ndani unavunjika katikati ya kimo. Na utepe ukilazwa kwenye mota nyembamba unaota kutu ndani ya miaka michache. Uganda nao wana kiwango chao cha 2003, US 319. Karatasi tunazo. Nyumba ya fundi wa mtaani haipiti kwenye karatasi.

Naomba niweke hapa utaratibu wa ukuta uliofungwa kwa nguzo, maana ndio nafuu zaidi kwa nyumba ya chini na hautaki injinia kila siku. Siri yake ni mpangilio: ukuta kwanza, nguzo baadaye. Tulivyozoea ni kumwaga nguzo kisha kujaza tofali katikati, na hapo ukuta na nguzo havishikani, ukuta unadondoka peke yake.

Anza na mkanda wa chini juu ya msingi. Nondo za nguzo zisimamishwe ndani yake kabla ya zege, mguu umekunjwa sentimita 30. Nguzo ziwe kila kona, kila ukuta unapokutana na mwingine, na zisipishane zaidi ya mita 4.5. Jenga ukuta mita 1.2 kwa siku, si zaidi, ukiacha meno ya sentimita 4 hivi kwenye ncha zinazopakana na nguzo. Meno marefu zaidi ya hapo yanakatika wakati wa kushindilia, au zege halifiki chini yake. Mota 1 kwa 5, unene sentimita 1 hadi 1.5, na jazeni maungio ya wima! Mafundi wanapaka kichwa cha tofali kidogo tu mbele, nyuma tupu. Tofali za kuchoma zilowekwe kwanza, zikiwa kavu zinanyonya maji ya mota. Za saruji msiziloweke.

Ukifika mita 1.2 unafunga mbao pande mbili, unamwaga nguzo, unashindilia kwa kipande cha nondo. Zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kokoto za robo tatu inchi zipite kati ya nondo. Maji ndiyo adui: fundi anaongeza ndoo ili zege litiririke lenyewe, nguvu inashuka na unapata mapango. Kisha mzunguko wa pili hadi mkanda wa juu. Nondo za nguzo zikunjwe sentimita 40 ndani ya mkanda huo, zisiishie chini yake. Ringi kila sentimita 20 katikati ya nguzo, kila 10 kwenye sentimita 60 za juu na za chini.

Madirisha yasikaribie kona chini ya sentimita 60, na jumla ya matundu kwenye ukuta isizidi nusu ya urefu wake.

#23 Bati_Geji30
Darasa safi. Sasa bei? Nyumba ya vyumba vitatu inaongezeka kiasi gani?

#24 MkadiriajiMajenzi
Bei zinapishana mikoa, nakupa vifaa, zidisha na bei ya kwenu. Nyumba ya mita 8 kwa 10, kuta za ndani mita 24, jumla mita 60 za ukuta. Mkanda wa juu wa sentimita 15 kwa 20 na nguzo 12 za kipimo hichohicho, ukuta wa mita 2.8.

Zege la mkanda mita za ujazo 1.8, la nguzo 1. Jumla 2.8, kwa 1:2:4 ni mifuko 18, nunua 20. Nondo mm 10 za mkanda, nne kwa urefu: mita 240, nondo 20, weka 22. Nguzo: kata vipande vya mita 4 kamili, unapata vitatu kwa nondo moja bila masalio, vipande 48, nondo 16. Ringi za mm 6, kila moja sentimita 65 hadi 70: mkanda 300, nguzo 240.

Kumbuka lenta ulikuwa unaijenga hata hivyo. Ukishusha kimo cha ukuta hadi mkanda na lenta viwe kitu kimoja juu ya madirisha, kinachoongezeka kweli ni nguzo na ringi.

#25 Kiatu_cha_Nguzo
Nondo 22 hazitoshi, zile L nilizosema #12 umezisahau. Makutano kama 20, nondo nne, sentimita 60 kila moja: mita 48, yaani nondo 4 nyingine. Andika 26.

#26 MkadiriajiMajenzi
26 sawa. Jumla 42 pamoja na za nguzo, kama kilo 310.

#27 Bloku6
Na tofali fungamanishi? Zinauzwa kwamba hazihitaji mota wala nguzo, udongo na saruji kidogo, unapanga tu. Si ndiyo nafuu?

#28 NondoKumi
Wakala wa Nyumba Bora wamezifundisha miaka mingi na ni tofali nzuri. Anayekwambia hazihitaji nguzo anauza mashine. Lile jino linazuia tofali kuteleza wakati wa kupanga, halizuii ukuta kupinduka. Zile tundu zina kazi: kila kona, kila makutano na kando ya kila tundu la mlango au dirisha pitisha nondo ya mm 10 iliyoshikwa msingini, mwaga zege laini kila kozi chache usisubiri hadi juu, maana halitashuka. Kwenye kuta ndefu rudia kila mita 1.2. Chini ya madirisha na juu yake tumia zile za umbo la U, laza nondo mbili. Ukifanya hivyo ni nafuu na imara. Ukipanga tu, ni mnara wa watoto.

#29 Utani_wa_Ziwani
Na hizi nyumba za kisasa za paa la kuficha? Mjini ukijenga paa la kuonekana unaambiwa umejenga ya bibi.

#30 Mama_Ringi
Ya bibi ndiyo itakayobaki. Kile kiukuta kinachoficha bati ni mita nzima ya tofali imesimama peke yake juu kabisa, mahali mtikisiko ulipo mkubwa, haijashikwa na chochote, na iko juu ya mlango wako wa kutokea. Ukiitaka lazima, nguzo za chini zipande hadi juu yake na ufunge kamkanda kembamba mwishoni. Vilevile ile pembetatu ya ukuta chini ya mgongo wa paa: ndiyo hutangulia kudondoka. Paa la pande nne halina pembetatu hiyo kabisa, au ijaze kwa mbao na bati badala ya tofali.

#31 Lava_ya_Goma
Mnaongea nyumba mpya tu. Aliye na nyumba ya udongo tayari, hana hata mfuko mmoja?

#32 NondoKumi
Njia mbili. Ya kwanza, mkanda wa mbao juu ya ukuta: mbao mbili za 2 kwa 3 sambamba, moja uso wa nje na moja wa ndani, vipande vya kuziunganisha kila sentimita 50, konani zipandiane na kupigiliwa. Kenchi zifungwe kwenye huo mkanda kwa waya, zisikae tu juu ya udongo.

Ya pili ilitoka maabara ya Profesa Kimiro Meguro, Chuo Kikuu cha Tokyo: neti ya ile mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi. Bandua plasta, toboa ukuta kila futi moja, pitisha waya, tandika neti nje na ndani, kaza waya, piga plasta tena. Ukuta unapasuka lakini hauporomoki, mtu anapata muda wa kutoka. Makosa yake ni mawili: neti kuishia chini ya paa bila kuzunguka juu ya ukuta, na kuiacha bila plasta, jua linaila.

#33 Swichi_Kuu
"Anapata muda wa kutoka." Hapo sasa #32 umerudi kwenye hoja yangu ya kengele. Nyumba inayochelewa kudondoka inazipa zile sekunde 4 thamani.

#34 Mwana_Kanyigo
Basi neti kwanza. Chile na Haiti 2010 hakuna aliyekuwa na kengele ya umma. Chile 8.8, waliokufa mia tano na ushee. Haiti 7.0, makadirio yanapishana sana, ila mengi ni zaidi ya laki moja.

#35 Wimbi_la_Pili
Mfano mzuri ila usiuvute hadi ukatike. Kitovu cha Haiti kilikuwa karibu kilomita 25 tu kutoka Port-au-Prince na hakikuwa kirefu. Cha Chile kilikuwa baharini. Ujenzi umechangia sana, umbali nao umo. Na Rukwa 1910 ilikuwa takriban 7.4, hiyo ni zaidi ya mara 170 ya nishati ya Kagera. Likirudi la hivyo, mkanda wa sentimita 15 kwa 20 sijui kama nitausimamia mahakamani.

#36 Kiatu_cha_Nguzo
Wewe lete kwanza ringi zenye ncha nyuzi 135, mahakama baadaye. Kuna mtu anamwaga lenta Muleba Jumatatu, ameniuliza kama nondo tatu badala ya nne zinatosha kwa ukuta wa ndani. Wahandisi?

#37 Mama_Ringi
Nne. Ringi ya pembe tatu fundi wako ataikunja hadi Jumatano.